Betri zimekufa, na mchango umechelewa

Najua kuna watu wamenuna. Mchango wa harusi ya binamu yetu nilisema ungefika mwisho wa Novemba, umefika katikati ya Januari, na habari zimenifikia kwamba kwenye kundi la kamati kuna mtu kaandika "watu wa Ulaya bwana" na akaweka na kikatuni cha kucheka. Sikujibu kule. Nimeona nijibu hapa, kwa urefu, maana jibu lenyewe haliingii kwenye ujumbe wa simu. Pesa zilikwenda kwenye betri. Betri nne. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaona sikuwa na namna nyingine, na pengine nyie wenye sola huko nyumbani mtaokota mawili matatu ya kuwafaa.

Kwa wasiojua bado: nyumba yangu ni boti. Si jahazi wala meli, msije mkadhani natia nanga baharini. Ni boti ya chuma, upana mita mbili na kidogo, urefu mita kumi na tano, imefungwa kando ya mfereji uitwao Grand Union, ule unaotoka London mpaka Birmingham. Mifereji hii ilichimbwa miaka zaidi ya mia mbili iliyopita kwa ajili ya makaa ya mawe na mizigo ya viwandani, boti zikivutwa na farasi wanaotembea ukingoni. Malango ya maji katika mifereji mingi ya katikati ya nchi yana upana wa futi saba tu, ndiyo maana boti zake ni nyembamba kama muwa. Siku hizi mizigo inapita barabarani, na kwenye boti wanaishi watu. Wengine kwa starehe, wengine kama mimi kwa sababu kodi ya nyumba ingemeza mshahara wa nesi ikabakiza mifupa. Nina kitanda, bafu, jiko la makaa na friji ndogo. Kisichokuwepo ni waya wa umeme kutoka nchi kavu. Huku kwangu hakuna LUKU jamani. TANESCO wangu ni mimi mwenyewe.

Umeme wenyewe uko hivi. Nyuma ya boti, chini ya mbao za sitaha, pembeni ya injini, kuna betri tano. Moja kazi yake ni kuwasha injini tu. Nne zilizobaki ndizo za nyumba: taa, friji, pampu za maji, kuchaji simu. Kila moja ni ya volti 12 na ampea-saa 110. Zimeunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa hiyo zinakuwa kama tangi moja la ampea-saa 440. Tangi hilo linajazwa na altaneta ya injini na paneli mbili za sola juu ya paa. Betri hizi za risasi hazipendi kukaushwa. Ukitaka zidumu, utumie nusu tu kisha ujaze tena.

Wakati wa kiangazi sola inatosha na kubaki. Lakini Desemba mchana una saa nane tu, na jua lenyewe linapita chini chini kama mkwe anayepita mbele ya ukumbi. Hapo kazi yote inahamia kwenye injini. Na injini nayo ina masharti: Canal & River Trust, taasisi inayosimamia mifereji ya England na Wales tangu 2012, haitaki uunguruze injini kwa ajili ya kuchaji kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ukiwa umefunga karibu na watu. Mimi nikiwa zamu ya usiku natoka kazini saa mbili asubuhi, nafika, nawasha injini, nalala huku kitanda kinatetemeka. Nimezoea. Siku ikiwa kimya ndipo ninaposhtuka.

Sasa mtu atasema, betri zikifa si uwashe mshumaa? Friji ikizima maziwa yanachacha, ni hasara ya pauni mbili. Taa zikizima kuna tochi. Shida ni ngama. Watu wa Pangani mnaijua ngama bila kuelezwa. Mhimili wa pangaboi la boti yangu unatoka nje kupitia tundu, na pale panadondosha maji tone kwa tone. Ndivyo palivyotengenezwa, panajazwa grisi na kukazwa, lakini tone halikosi. Babu alikuwa na upo, na kijana wa kufua maji. Kijana wangu mimi ni pampu ndogo yenye swichi inayoelea: maji yakipanda inajiwasha, yakiisha inajizima. Inakula umeme wa betri za nyumba. Matone ya usiku mmoja hayazamishi boti. Ila ongeza mvua ya siku tatu inayopenya kwenye mbao za sitaha, ongeza zamu tatu mfululizo za saa kumi na mbili na nusu ambazo ndani hakuna mtu, halafu toa umeme. Boti inaweza kuzama pale pale ilipofungwa, kimya kimya, bila dhoruba yoyote, na mwenyewe yuko kazini anawabadilishia watu dripu. Kila nilicho nacho nchi hii kimo humo ndani, vyeti vyangu vya uuguzi vikiwemo.

Dalili zilianza Oktoba. Ya kwanza ilikuwa friji. Ilikuwa inafika asubuhi bila taabu, ikaanza kujizima saa tisa usiku, baadaye saa saba. Ya pili ndiyo ingemdanganya mtu: betri zikaanza kujaa haraka. Zamani nilikuwa nazichaji saa tano au zaidi ndipo mshale wa ampea ushuke. Sasa saa moja na nusu tu, kipimo kinasema volti 14.4, ampea zimeshuka, zimejaa. Asiyejua angefurahi, kwamba ah, dizeli inapungua. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mgonjwa anayeshiba kwa vijiko viwili haumwi shibe. Ya tatu ilikuwa maji. Betri zangu ni za kufungua vifuniko na kuongeza maji ya betri. Tatu zilikuwa zinakunywa kidogo kwa miezi miwili, ya nne inataka kila wiki mbili. Nikaandika tarehe zote kwenye daftari, maana jambo lisiloandikwa kwetu sisi manesi halijafanyika.

Nikapanga kuzipima siku ya mapumziko. Hazikuningoja.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katikati ya Novemba. Jiko la makaa linawaka, injini inachaji, mimi nafua. Kengele ya kaboni monoksaidi ikaanza kulia. Kengele hii si pambo. Tangu Aprili 2019 ukaguzi wa usalama wa boti unadai kila boti yenye sehemu ya kulala iwe nayo, kwa sababu gesi ile haina harufu wala rangi, na chumba cha upana wa mita mbili chenye jiko la makaa kinaweza kumlaza mtu asiamke tena. Nilizima injini, nikafungua milango ya mbele na nyuma, nikatoka nje na taulo mkononi. Nikiwa ukingoni ndipo upepo uliponiletea harufu nyingine kutoka nyuma ya boti. Mayai viza.

Hapo nikajua kuna la pili. Betri ya risasi yenye asidi ikichemka inatoa haidrojeni, gesi nyepesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Ikiwa mbovu zaidi inatoa na haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo hiyo ya mayai viza. Kengele nyingi za kaboni monoksaidi hulia pia zikikutana na gesi hizo. Na haidrojeni salfaidi ina hila yake: ikizidi, inaua pua kwanza. Unaacha kuinusa, unadhani imekwisha, kumbe ndiyo imekuwa nyingi. Kwa hiyo sikurudi ndani kutazama ni ipi kati ya hizo, jiko au betri. Hilo ni swali la baadaye. Kwanza hewa.

Jirani yangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, fundi wa mabasi mstaafu. Mimi namwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na ameshazoea kuitika. Alikuja akakaa na mimi ukingoni, hakuna aliyegusa swichi wala spana mpaka saa nzima ipite. Kengele ikanyamaza. Tukafunua mbao za nyuma, nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila betri, vile mama anavyompima mtoto homa. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nne, baada ya saa nzima ya kupoa katika baridi ya Novemba, ilikuwa moto kama birika la chai, na ubavu wake umevimba. Tukaiacha mpaka jioni ilipopoa kabisa, ndipo Mzee akaifungua nyaya.

Kesho yake tukaanza kupima, na hapa ndipo ninapotaka kaka zangu msome polepole. Usiku ule tulichaji zile tatu kwa chaja ya Mzee mpaka zikajaa, tukazitenganisha kila moja peke yake, tukaziacha zilale. Kuzitenganisha ni lazima. Zikiwa zimeungana zote zinaonyesha namba moja, na mgonjwa anajificha nyuma ya wazima. Pampu ya ngama tuliihamishia kwenye betri ya kuwashia injini, ili boti isibaki bila mlinzi.

Asubuhi nikaweka mita. Betri nzima ya volti 12 ina seli sita, kila seli volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikijaa na kutulia inasoma kama 12.7. Ikibaki nusu ni 12.1 au 12.2. Ikiisha ni 11.8. Zile tatu zilisoma 12.68, 12.65 na 12.61. Ya nne, ile iliyovimba, 10.4. Namba hiyo inajieleza: seli tano zinahema, ya sita imekufa. Tukachukua haidromita, ile chupa ya kunyonya asidi yenye boya ndani. Seli iliyojaa inasoma 1.265 mpaka 1.280. Seli tano za ile betri zilikuwa kwenye 1.240, ya tatu kutoka kushoto ilikuwa 1.080, karibu na maji matupu. Basi marehemu tukawa tumempata, na sababu ya kifo tumeiona. Altaneta ilikuwa inasukuma umeme wa kujaza seli sita kwenye betri yenye seli tano, nazo zikachemka. Na injini ikizimwa, zile tatu zinammwagia yeye umeme wao usiku kucha.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Tatu zinasoma 12.6 na ushei, nzuri, toa moja weka moja, harusi iendelee. Nikapiga simu duka moja, kijana wa dukani akaniambia hivyo hivyo: nunua moja tu dada, okoa pesa. Lakini mimi nimeshawaona wagonjwa ambao presha ni nzuri, mapigo ni mazuri, wakiwa wamelala. Mwambie ainuke apande ngazi nane, ndipo moyo unaposema ukweli. Volti za betri iliyolala ni presha ya mgonjwa aliyelala. Zinakwambia imejaa kiasi gani, hazikwambii tumbo lake limebaki na ukubwa gani. Kikombe cha kahawa nacho kikijaa kimejaa, lakini si ndoo.

Ngazi za betri ni mzigo. Mzee alikuwa na balbu ya taa ya gari ya wati 55, inayokula ampea 4.6 hivi. Tukaiunganisha kwenye kila betri kwa zamu, saa tano kamili kwa saa. Hiyo ni ampea-saa 23. Kwenye betri nzima ya 110 ni kama kijiko kwenye chungu, ungeipumzisha saa moja ukapima ingekuwa bado kwenye 12.5. Kazi ilichukua siku mbili. Ya kwanza ikasoma 12.1. Ya pili 12.2. Ya tatu 11.9. Fikirini wenyewe: ya kwanza imeshuka nusu kwa ampea-saa 23, maana yake tumbo lake lote lilikuwa limebaki ampea-saa 45 au 46. Ya tatu ilikuwa chini ya hapo. Zote zilikuwa zimejaa, kweli, lakini zimejaa vikombe. Samaki mmoja akioza wote wameoza, wahenga walilisema hili kabla ya altaneta.

Kwa nini zilikufa? Nilitaka kujua kabla ya kununua, maana ukibadilisha betri bila kujua kilichoua za zamani, umenunulia kaburi lile lile maiti mpya. Sababu kubwa ni ya kawaida. Kila betri ya risasi inapotumika, mabamba yake ya ndani yanapata utando wa salfeti. Ukiijaza kikamilifu utando unayeyuka. Ukiiacha nusunusu kwa wiki nyingi, utando unakomaa na kuwa mgumu, kama ukoga wa meno usiopigwa mswaki mpaka ukawa jiwe, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Asilimia 80 za mwanzo zinaingia haraka, zile 20 za mwisho zinataka saa nyingi za subira. Betri hizi nilizikuta ndani ya boti nilipoinunua miaka mitatu iliyopita, na majira ya baridi walizokwisha kupitia kabla yangu hakuna anayezijua.

Sababu ya pili tuliiona kwenye nyaya. Aliyeziunganisha zamani alichukua waya mkubwa wa chanya na waya mkubwa wa hasi kwenye betri moja, ile ya mwisho, halafu nyingine tatu zikafuatia nyuma kwa nyaya fupi. Umeme ni kama mtu mvivu, unapita panapopitika kwa urahisi. Betri iliyo mlangoni ilikuwa inatoa zaidi na kupokea zaidi kila siku, na zile za nyuma zinasaidia tu. Betri ya mlangoni ilikuwa ipi? Ile ile yenye seli iliyokufa. Mzee alipiga mluzi. Altaneta yenyewe tuliipima, 14.3, haina kosa.

Ndugu zangu, hapo ndipo mchango wenu ulipokwenda. Nilikaa na daftari usiku mzima nikipiga hesabu. Nne mpya, pauni 460. Moja tu, pauni 115, na mchango unakwenda kwa wakati. Lakini mpya moja kati ya wagonjwa watatu ingekuwa kijana mmoja anayelisha ukoo mzima. Nafikiri mnaelewa ninachosema, na wengine mnakielewa kuliko nilivyotaka. Anachoka kabla ya umri wake. Ingekufa ndani ya mwaka, nami ningenunua nne baada ya hapo.

Niliulizwa pia kwa nini nisinunue lithiamu, ndiyo ya kisasa. Ni nzuri kweli: nyepesi, unaitumia karibu yote bila kuiumiza, haipati ukoga. Ila haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na betri zangu ziko kwenye chuma ndani ya maji yanayoganda. Halafu inavuta umeme kwa pupa, inaweza kuiunguza altaneta ya zamani usipoweka kifaa cha kuidhibiti katikati. Kwa mfuko wangu na injini yangu, risasi inatosha. Nikachukua zenye vifuniko vya kufungua, ili niweze kuingiza haidromita.

Kubadilisha kwenyewe kulichukua asubuhi moja. Nivue pete na saa kwanza, maana chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja kinaiva mara moja, na kidole kimo ndani yake. Miwani, glavu, ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya macho, na bikabonati ya soda, ile ya kuumulia keki, kwa ajili ya asidi ikimwagika. Spana tuliizungushia utepe mpaka ikabaki ncha tu. Paneli za sola zikazimwa. Waya wa hasi ndio unaotoka mwanzo na ndio unaorudi mwisho. Kila betri ina uzito wa kilo 25 hivi, na hapo Mzee alishangaa: niliziinua kwa magoti na si kwa mgongo, moja baada ya nyingine. Nimeinua watu wazima miaka kumi na moja, betri haipigi mateke. Tukasugua vichwa vya nyaya mpaka vikang'aa, tukapaka grisi, tukaunganisha upya: chanya kubwa kwenye betri ya kwanza, hasi kubwa kwenye betri ya nne. Kwa njia hiyo umeme unalazimika kupita kote, na nne zote zinafanya kazi sawa. Marekebisho hayo yaligharimu waya mmoja mfupi tu.

Usiku ule nilikwenda zamuni, nikarudi asubuhi, friji inanguruma, mita inasoma 12.5, ngama kavu. Nililala bila injini. Sasa kila mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, nazitenganisha, nazipima seli zote ishirini na nne na kuandika. Mara moja kwa wiki nawasha injini muda mrefu mpaka ampea zishuke chini ya 8, hapo ndipo najua zimeshiba kweli. Namba ya leo peke yake haina maana kubwa. Namba ya leo kando ya namba ya mwezi uliopita ndiyo inayosema.

Sasa kwenu. Kaka mkubwa, nimekusikia kwenye simu ukisema betri ya sola "imechoka" na fundi anataka kuiongeza asidi. Mzuie. Asidi haivukizi, kinachopungua ni maji, na kinachoongezwa ni maji ya betri yale yaliyosafishwa, si ya bomba wala ya kisima. Ukiongeza asidi namba ya haidromita inapanda, fundi anapokea pesa yake, na mabamba yanaliwa. Kama ni betri ya gari, ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo. Ukiiweka kazi ya kuwasha taa usiku kucha haitafika mbali. Na kama ni mbili zimeungana, zitenganishe kabla ya kupima. Balbu ya gari ya wati 55 unaipata gereji yoyote, na saa tano za kungoja hazina gharama.

Jambo la mwisho ni la nesi, nalo ni zito. Betri iliyokufa isikae uani watoto wanapocheza, na asiwepo mtu wa kuipasua ili ayeyushe risasi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inaingia ubongoni mwa mtoto na haitoki na madhara yake. Jirani zetu wa Mombasa wanalijua hili kwa machungu: kijiji cha Owino Uhuru kiliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia haimrudishii mtoto akili yake. Zangu nne nilizipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wenye leseni, wakanilipa kidogo kwa uzito. Nyie zirudisheni dukani mnaponunua mpya, au muuzieni mnunuzi anayezipeleka kiwandani zikiwa nzima.

Haya, kwa leo nimewachosha. Kaka, pima halafu niandikie namba hapo chini kwenye maoni, zote, usiniambie "iko sawa tu". Mama mnisalimie, mwambieni boti inaelea na mwanawe anakula. Shangazi naye, na wote wanaoniulizia. Tuonane makala ijayo Mungu akipenda, nitawaeleza jinsi maji ya mfereji yanavyoganda na bata wanavyotembea juu yake.